Kutoka mlango wa Sabaki mpaka Marereni: shimo likishafukiwa, maji yapite wapi?

Hii wiki nimezunguka huku kwetu Malindi na Magarini nikifuata kitu kimoja, maji ya mvua na ya mto yanapita wapi baada ya watu kuchimba mchanga, mawe ama chumvi, na baada ya wale wanaosema wamefukia na kurudisha ardhi vile ilivyokuwa. Kazi yangu ni kupima mashamba na mitaro kwa hiyo macho yangu yako chini muda wote. Nimeandika kila jioni kabla sijasahau.

Jumatatu

Nimeanzia darajani, pale barabara ya Malindi kwenda Garsen inapovuka Sabaki. Mwezi wa nane huu, kusi lavuma, masika yameisha kitambo, maji yako chini na mto umejigawa vijito viwili vitatu katikati ya mafungu ya mchanga. Ukiuona hivi unaweza kudhani ni mto wa kuvuka na suruali umekunja, lakini huu mto unatoka mbali, ndo huo huo Athi wa kule juu karibu na Nairobi, ukifika Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia kwetu ndo Sabaki, na ukiondoa Tana hakuna mto mrefu kuushinda hapa Kenya. Mvua ikinyesha Ukambani huku jua linawaka na maji yanakuja tu. Watu wa hapa wanajua, waliona 1997 mwisho wa mwaka wakati wa El Niño, wakaona tena mwisho wa 2023 na halafu masika ya 2024.

Nikashuka chini mpaka mlangoni mwa mto. Kuna mikoko, kuna ndege wengi sana, viboko wanasikika kabla hawajaonekana, na wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu zao kivulini. Nikakaa nao kidogo. Mzee mmoja akaniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa kila mtu wa tipa pia, ati mchanga hauishi, kila mwaka mto unaleta mwingine, angalia ufuo wa Malindi vile umesogea, hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa mtu anatembea mpaka achoke ndo afike baharini. Na kweli ufuo umesogea, hilo hakuna wa kubisha.

Lakini hapa ndo nataka watu wanielewe vizuri. Kile mto unachomwaga baharini kwa wingi ni tope, udongo laini wa mashamba ya juu uliokosa miti ya kuushika. Kuna watafiti walichapisha mwaka 2007 kazi waliyofanya juu ya tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa kama miaka 300, wakasoma ndani yake alama za bariamu, aina ya madini ambayo huja na udongo wa mto, na alama hizo zinapanda sana kuanzia karne ya 20 wakati bara ilipoanza kulimwa kwa nguvu. Tope ndo hilo, linaelea, linasafiri siku chache linafika. Mchanga wa kujengea, ule mkubwa unaokwaruza mkononi, hautembei hivyo, wenyewe unajivuta chini kwenye sakafu ya mto, unasogea kidogo mafuriko haya, unasogea kidogo mafuriko yale. Kwa hiyo ukichimba shimo mtoni leo na masika yajayo ukalikuta limejaa, chota uangalie umejaa nini. Mara nyingi utakuta tope juu, mchanga kiasi. Mchanga uliouza ulichukua miaka mingi kufika hapo.

Na shimo la mtoni halikai mahali pake. Maji yakifika kwenye ukingo wa juu wa shimo yanaanguka, yanakula ule ukingo, ukingo unarudi nyuma kwenda juu ya mto, yani sakafu ya mto inashuka mpaka mbali na pale mlipochimba. Ukishapita shimo kuelekea baharini, maji nako yametua mchanga wake, yametoka bila mzigo, yanaanza kula kingo. Ndo maana miongozo ya 2007 ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya serikali, inakataza kuvuna mchanga ndani ya mita 100 kutoka kwenye daraja ama barabara. Nguzo inasimamia kile ilichozikiwa ndani, ukikiondoa nguzo imebaki na nini?

Jumanne

Siku ndefu. Nimekodi boda kutoka mjini nikafuata barabara ya kwenda Kakoneni halafu tukaingia ndani kwenye njia ya tipa mpaka kwenye bonde. Hili bonde ndo mto hupumzikia ukijaa, ni tambarare, udongo mweusi mzuri, migomba, mahindi, miembe mikubwa, na katikati ya hayo yote mashimo.

Mama mwenye shamba amenipokea vizuri, akanipa maji ya dafu kwanza kabla ya mazungumzo yoyote. Shamba lake limepakana na shimo ambalo wachimbaji wameshalimaliza, wakaambiwa walifukie, na kweli wakalifukia, nimeona kwa macho yangu kumesawazishwa, hata nyasi zimeota. Ukipita na gari utasema hawa walifanya kazi ya maana. Nikamuuliza mama shida iko wapi basi. Akanijibu:

"Mwanangu, mto si mbaya. Mto waja, wapita. Zamani ukija tulihamisha mbuzi, siku chache maji yashuka, tope labaki, twapanda. Sasa mto washuka kule, maji yabaki huku kwangu. Mahindi yaoza yakiwa yasimama."

Nikatoa mpira wa maji. Kwa asiyejua, ni ule mpira mwembamba unaopenya mwanga, mafundi wa nyumba wanautumia, unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, maji yakitulia pande zote mbili yako sawa hata kama mko mbali, halafu unapima kutoka kwenye maji mpaka chini. Kijana wa boda akanishikia ncha moja kwenye ardhi ambayo haikuguswa chini ya mwembe, mimi nikaenda katikati ya palipofukiwa. Tukasubiri maji yaache kucheza. Katikati pako chini kwa karibu sentimita 40. Macho hayaoni hiyo tofauti maana imeshuka pole pole na nyasi zimefunika, lakini maji hayahitaji kuonyeshwa, yanakwenda hapo hapo.

Sababu yake haina siri. Shimo walilifukia kiangazi kwa mwaga mwaga, kifusi, mapande ya dongo, magogo, wakasawazisha juu mpaka ikalingana na jirani, wakaondoka. Masika yakalowesha, ile mifuko ya hewa ndani ikajifunga, magogo yanaoza, ardhi ikakaa chini. Mtu anayejua angeijaza kwa tabaka, angeiacha na mgongo juu kidogo ili ikishuka ibaki sawa, na angeangalia mteremko unaelekea wapi. Halafu kuna jambo jingine, ule udongo mweusi wa juu waliuchanganya chini na dongo likaja juu, kwa hiyo hata maji yanayosimama hayazami, yanangoja jua.

Nikamwambia tutembee tufuate yale maji yangetokea wapi. Hapo ndo nikauona ubaya wenyewe. Kulikuwa na mkondo wa zamani, si mto, ni ule mfereji wa asili unaozunguka nyuma ya mashamba na kurudisha maji mtoni bonde likijaa. Barabara ya tipa imeukata katikati. Wameinua tuta la moramu mpaka magotini, limeshindiliwa na malori, gumu kabisa, na hakuna kalvati hata moja, yani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Upande mmoja wa tuta miti imekauka kwa kukaa majini, upande wa pili mkondo ni mkavu na watoto wanachungia mbuzi ndani. Nimesimama juu ya lile tuta nikasikia uchungu kweli, maana kalvati ni pesa ya tripu chache za mchanga tu, na shamba la mtu limekufa kwa ajili ya hiyo.

Mbele kidogo kuna shimo ambalo bado lachimbwa. Vijana na machepe, tipa imerudi kinyume nyume, turnboy anapiga bodi kuashiria dereva asonge. Kati ya shimo na mto kumebaki ukuta wa udongo wa hatua chache tu, na sakafu ya shimo imeshapita chini ya usawa wa mto. Nikawaita wale vijana nikawaonyesha. Siku mto ukijaa ukiruka huo ukuta, maji yanaanguka ndani kwa nguvu, yanaukata, na mto unaingia shimoni mzima mzima na kuhamia humo. Ukishahama haurudi kwa kubembelezwa. Watakaojikuta upande mwingine wa mto ni watu wana nyumba zao hapo. Vijana walisikiliza, mmoja akasema "kaka, hilo twaliona lakini mchanga mzuri uko huku ukingoni." Namuelewa, ana watoto. Ndo maana siwezi kusimama hapa nikasema uchimbaji ufungwe, nyumba zetu zote Malindi zimejengwa na huu mchanga. Nasema ukuta uachwe mpana na shimo lisipite usawa wa mto kwenda chini.

Na yale marundo ya dongo wanayoyarusha pembeni, nayo tuyatazame. Yamepangana sambamba na mto, yamekuwa tuta bila mtu kukusudia. Mto ukijaa hauwezi kutandaa upande huu, basi unapanda juu zaidi na kutandaa upande wa pili, kwa watu ambao hawakuuza hata karai moja.

Jumatano

Mpaka Jilore leo, haraka haraka. Ziwa Jilore na lile la Chem Chem ni maziwa ya bonde la Sabaki, yanajaa mto unapofurika na yakikosa hayo yanakauka, kuna miaka watu wamelima kwenye sakafu yake. Nimetaka kuyaona kwa sababu yanaonyesha mafuriko yana kazi yake. Maji yanayoingia ziwani ni maji ambayo hayakwenda kubomoa kwa mtu chini, na yanapozama polepole yanabaki kwenye visima. Sakafu ya mto ikishushwa na uchimbaji, mto unahitaji mafuriko makubwa zaidi ndo ufike kwenye mlango wa ziwa.

Wenyeji wamenikaribisha wali na samaki. Baadaye wazee wakanieleza mambo ya Baricho, kule mbele ambako maji ya kunywa ya Malindi, Kilifi mpaka Mombasa yanavutwa. Wengi mjini wanafikiri yale maji yanachotwa mtoni moja kwa moja. Yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto, ndani ya mchanga na changarawe ambazo mto ulizizika zamani. Ule mchanga ndo tangi letu na ndo chujio letu. Kwa hiyo tunaponunua mchanga wa mtoni bila kuuliza umetoka wapi, mtu wa Mombasa anayelalamika mfereji wa nyumbani kwake hautoi maji anahusika na hii habari kama sisi.

Alhamisi

Nimerudi upande wa mjini kuangalia timbo la mawe lililofungwa. Hapa hakuna mto, ni mawe ya matumbawe ya kale, yale meupe wanayokata kwa msumeno na shoka yanakuwa matofali ya kujengea. Jiwe hili lina matundu, mvua ikinyesha maji yanazama papo hapo, ndo maana huku kwetu zamani hata mitaro haikuwa mingi.

Timbo lenyewe lilikatwa mpaka karibu na maji ya chini ya ardhi. Halafu likajazwa, takataka za mji chini, kifusi cha ujenzi, juu yake udongo mwekundu, na buldoza likapita na kurudi mpaka pakawa pagumu kama barabara. Halafu wakapakata viwanja. Mwenye kiwanja aliyenipigia simu amejenga mpakani mwa lile timbo, na tangu wamalize kufukia, mvua kubwa ikija maji yanaingia kwake ndani mpaka kwenye vitanda. Zamani ilikuwa haijawahi.

Tukamwaga ndoo ya maji juu ya udongo ule ulioshindiliwa, tukamwaga nyingine kwenye ardhi ya asili hatua chache pembeni. Ya pembeni ilizama tukiwa bado tunaangalia. Ya juu ya timbo ilianza safari, ikatafuta njia, ikaelekea nyumbani kwake ikiacha mstari mwekundu. Ile ndoo moja ilitosha kumueleza kila kitu. Eneo zima ambalo lilikuwa linameza mvua sasa linaimwaga, na aliye chini ndo anaipokea. Halafu nikawaza visima vya jirani na zile takataka zilizolala karibu na maji ya chini, kwa kweli sikupata raha.

Jambo la kushindilia si la kwetu peke yetu. Marekani walipitisha sheria mwaka 1977 kwamba migodi ya makaa ya mawe ya juu ya ardhi irudishe umbo la ardhi karibu na lilivyokuwa, na kuwe na mabwawa ya kunasa tope kabla maji hayajatoka nje ya mgodi. Sheria nzuri, lakini kwenye milima ya Appalachia kampuni zikashindilia sana ili udongo usiporomoke, miti ikagoma kukua na maji yakawa yanatiririka juu juu. Baadaye wataalamu wa misitu wakabadilisha ushauri, wanasema angalau futi 4 za juu ziachwe bila kushindiliwa. Yani hata wenye mabuldoza mengi wamegundua kazi ya kusawazisha ina mahali pa kuishia.

Na hatuhitaji kwenda huko, Bamburi iko hapo chini karibu na Mombasa. Pale machimbo ya saruji yaliachwa jangwa jeupe, Dr. René Haller akaanza 1971 kupanda aina 26 za miti, tatu tu ndo zikashika, na mvinje ukawa ndo mkombozi. Majani ya mvinje yalikuwa hayaozi mpaka wakaletwa jongoo wakubwa wale wekundu wa miguu wakayatafuna yakawa udongo. Kitu ninachokipenda pale ni kwamba hawakujidai kurudisha ardhi ya juu. Walikubali kwamba sasa pako chini na maji yako karibu, wakayapa maji mabwawa yake, samaki, mamba. Sisi timbo letu tungeweza kuacha sehemu moja wazi yenye jiwe lake, mvua izame hapo.

Ijumaa

Nimevuka daraja kwenda kaskazini. Nimeswali Ijumaa Mambrui, halafu matatu mpaka Gongoni na kuendelea hadi Marereni. Huku uchimbaji wake ni wa chumvi. Majaruba yametandaa mpaka macho yachoke, maji ya bahari yanaingizwa, jua na upepo vinafanya kazi, chumvi inakwanguliwa na kurundikwa. Kazi ipo, familia nyingi zinakula hapo na hilo liheshimiwe.

Ila kuta za majaruba ni matuta ya udongo ya kilomita nyingi, na yamekaa mahali ambapo maji ya mvua kutoka bara yalikuwa yanateremka kwenda kwenye vijito vya mikoko. Mvua kubwa ikija maji yanafika ukutani yanasimama, yanarudi vijijini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja ikakaa na watu hadharani Magarini, ripoti yao ikatoka 2006, mambo ya mikoko kukatwa na maji ya visima kuingia chumvi yamo humo ndani. Leo nimeonja maji ya kisima kimoja kilicho nyuma ya ukuta, mwenye nyumba akanichotea kwenye kata. Yalikuwa ya chumvi ya kukunja uso. Anafulia tu, ya kunywa ananunua kwa mkokoteni kila siku.

Nilitembea na babu mmoja juu ya ukuta akinionyesha kwa bakora yake, hapa palikuwa na kijito, hapa tulipitisha mtumbwi, hapa maji ya mvua yaliingia. Anavijua vyote. Nikavichora kwenye daftari, na kila alipoonyesha, ukishuka chini unaona kweli ardhi bado ina bonde lake, udongo umelowa hata kiangazi hiki. Maji hayajasahau. Haya maarifa hayapo kwenye ramani yoyote niliyoiona na mwenyewe ameshazeeka, ndo nawaomba vijana wa Marereni wakae na wazee wao waviandike kabla hazijaanza kazi za kupanua.

Huku Mambrui nako mchanga una madini ya titani, imejulikana tangu miaka ya tisini, na Kwale walichimba kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024 ndo wakafunga. Siku wakija kwetu, swali langu kwao nimeshaliandika. Nataka kuona ramani ya maji kabla, ramani ya maji wakati mnachimba, na ramani ya maji baada ya kufunga, zote tatu mezani siku moja, kabla chepe la kwanza halijaingia.

Jumamosi

Tumekaa chini ya mwembe kwa yule mama wa Jumanne. Wamekuja majirani, mwenyekiti wa wapakiaji, madereva wawili wa tipa, na mzee wa mtaa. Nlikuwa naogopa itakuwa kelele lakini watu walipoona michoro na namba za mpira wa maji wakatulia. Dereva mmoja akakiri hata yeye lori lake lilikwama pale tutani masika, maji yalikuwa yamelainisha upande mmoja, kwa hiyo kalvati inamfaa yeye pia. Mama hakusema mengi, alipeleka chai na mahamri tu, lakini alipoulizwa mkondo ulipita wapi hasa alisimama akaenda mwenyewe akachomeka kijiti.

Yaliyokubaliwa ni haya. Kalvati mbili ziwekwe kwenye tuta, zikae chini kwenye sakafu ya mkondo wa zamani wala si juu yake, pesa inatoka kwenye kila tripu mpaka itimie. Shimo la ukingoni lisogezwe nyuma, na ukuta uliobaki usiguswe. Udongo mweusi urundikwe peke yake, na marundo ya dongo yakatwe nafasi za kupitisha maji. Lile shimo lililofukiwa liongezwe udongo lipewe mgongo, na mfereji wa kina kidogo utoke hapo mpaka mkondoni. Ukuta umebishaniwa sana, wapakiaji wanasema wanapoteza mchanga mzuri, na sijui kama utaheshimiwa usiku ambapo hakuna mtu. Mzee wa mtaa amesema atalala huko ikibidi.

Vijiti vimeshapigwa, mkondo umepimwa, mteremko upo wa kutosha. Kalvati zinatakiwa zifike kabla ya vuli kuanza mwezi wa kumi.